Fuata wa Mbele

Mume wake alipokufa, Godelive hakulia, na mtaani Saio, mjini Bunia, hilo si jambo la kupita hivi hivi. Jérôme aliondoka kwa homa fupi. Ukoo wake ukaja kutoka Mahagi na vilio vyao tayari, wakajitupa chini, wakagaagaa, mmoja akapoteza kiatu. Mjane alikaa mkekani, macho makavu, akiuliza kama wageni wamepata chai. Liévin, mdogo wa marehemu, alimtazama sana. Mjane asiyelia ana lake jambo, watu walisema, na hawakuwa na maana ya jambo jema.

Si kwamba hakumpenda Jérôme. Alimpenda mno, pamoja na kukoroma kwake. Mara nyingi alijifungia chumbani ili alie, akakunja uso, akasubiri, na halikutoka hata tone. Hilo lilimtisha kuliko maneno ya ukoo. Aliogopa kwamba moyo wake ulizikwa na mume, na yeye amebaki kupika tu.

Aliyemvuta kwenye ngoma ni Solange, mshonaji wa mtaa wa Rwambuzi. Alikuwa amejifunza Kampala ngoma ya kiuno inayochezwa na kundi la wanawake, kwa sketi pana za vitenge na mikanda ya vifuniko vya chupa za bia. Siku ya kwanza aliwaambia wanawake waliojaa uani pake kwamba inaitwa ngoma ya kikabila. Neno hilo limekwisha kufanya kazi ya kutosha Bunia.

"Kabila gani?" akauliza Gertrude, aliyezika watoto wawili kijijini Bule kabla ya kukimbia mauaji ya kikabila.

"Haina kabila. Ni ya bale beko hapa," akasema Solange, akiwaonyesha wote waliokuwepo. "Mikono juu."

Katika ngoma hiyo hakuna cha kukariri. Mmoja anasimama mbele, anatoa ishara kwa mkono au bega, na wa nyuma wanafuata papo hapo. Akichoka anarudi nyuma, mwingine anatangulia. Godelive alipenda nyuma. Huko hakuna aliyemuuliza amempoteza nani, walitaka tu kiuno chake kizunguke upande unaotakiwa. Alicheza vibaya, kiuno chake kilikuwa na maoni yake. Lakini kila Alhamisi alirudi, na siku aliyokosa kwa malaria wanawake walimfuata nyumbani na uji, wakamsema mpaka akapona.

Mwaka ulipotimia, ukoo ulikuja kuondoa matanga. Siku hiyo mjane anavua nguo nyeusi, watu wanakula, wanakunywa na kucheza. Liévin alileta mbuzi. Godelive akaomba kundi lake licheze, na Liévin akakubali, maana hakujua ni ngoma gani.

Viuno vikaenda, vifuniko vikalia, mzee mmoja wa kanisa akashughulikia sahani yake kwa bidii. Kisha Solange akarudi nyuma, na Gertrude akamsukuma Godelive mbele.

Mwaka mzima alikuwa na mgongo wa mtu mbele ya macho yake. Sasa hapakuwa na mgongo. Palikuwa na ua, na watu wa Jérôme, na Jérôme hayumo. Hakurudi tena, na hatarudi. Godelive akainua mkono kutoa ishara, ukaishia machoni, nao ukalowa.

Nyuma yake wanawake wote wakafuta macho kwa pamoja. Akainama, wakainama. Akaketi mavumbini, sketi zote zikashuka mavumbini. Akafungua kinywa akalia, nao wakalia, mwanzoni kwa nidhamu ya kazi, kisha kweli, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake. Wageni walianza kupiga makofi, wakaacha.

Liévin akasimama. "Shemeki, leo haiko siku ya kulia! Matanga imeisha!"

"Ya kwenu njo imeisha, papa," akasema Gertrude, bila kumwondolea Godelive macho. "Ya kwake inaanza. Ukae chini ao utupishe."

Liévin akautazama ukoo, akamtazama mjane. Kwenye mazishi alikuwa amelia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Sasa akakunja suruali magotini, akaketi nyuma kabisa ya wanawake, akamlilia kaka yake kimya.