Munkoyo Uliokataa Kulainika

Simone alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa mikono. Tangu mwanawe amtoe Kasaji na kumleta Kolwezi, kila munkoyo alioupika, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, ulibaki uji tu, tena uji wa kuziba koo la mbuzi. Mizizi inatiwa, mwiko unazungushwa, na uji hauyeyuki kuwa kinywaji. Yeye huyu, aliyenywesha harusi zote za Kasaji!

Alikwisha kulaumu mizizi ya sokoni, unga wa kinu, na vumbi la malori ya mgodi. Alimlaumu hata Henriette, mke wa mwanawe, ambaye hakuwa amegusa mwiko. Kujilaumu mwenyewe alikuwa hajakufikia. Kazi mpya namna hiyo, kwa umri wake?

Kesho yake wakwe watarajiwa wangekuja kujitambulisha, kumposa mjukuu wake Abigaëlle.

"Mama, leo njo mwisho," Henriette alisema, bila ubaya. "Ikikatala, tutabapa bakwe sucré ya chupa, ya duka. We utaikala kwa kiti, upumzike."

Upumzike! Simone alilijua neno hilo. Ng'ombe akiambiwa apumzike, kisu hakiko mbali.

Akaipua sufuria, akachukua mizizi aitie. Ndaya, jirani aliyekuja kuomba kaa la moto, akachutama palepale na kaa lake. Amekulia mkoa mwingine, Kasai, munkoyo hajui, na haoni haya ya kutojua. Juzi aliuliza, jana akauliza, na kila mara Simone alimjibu, "Funga kinywa, fungua macho. Mi nilijifunzaka hivyo."

Leo tena: "Mama Simone, juu ya nini unatia mizizi sasa hivi?"

"Ni vile inafanyikaka."

"Na Kasaji ulikuwa unatia vile vile, uji ikingali moto?"

"Vile vile! Unaipua, unaenda kwa mto kuosha mizizi, unaiponda, unapiga habari kidogo na bamama, unarudia, una..."

Kinywa kikabaki wazi. Ndaya hakucheka, na hilo ndilo lililouma.

"Na hapa mto iko wapi, mama?"

Simone akalitazama bomba la maji, pale pale mlangoni. Hapa mizizi huwa tayari kabla uji haujatokota. Kumbe kule Kasaji, wakati yeye anasengenya mtoni, uji ulikuwa unapoa. Miaka yote umbea umefanya nusu ya kazi, na sifa kachukua yeye.

Angeweza kusema, "Nilikuwa napima akili yako." Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini uchovu una faida yake: hata kiburi kinakosa wa kukibeba.

"Ipoe mpaka wapi?" akauliza polepole.

"Mi sijue, mama. Mi naulizaka tu."

"Basi ikala. Tuulize wote."

Wakangoja. Simone akachovya kidole, kikaungua, akakilamba kama mtoto. Akangoja tena, akachovya tena. Kidole kilipovumilia, wakatia mizizi na kukoroga kwa zamu. Mwanzoni, hakuna. Kisha mwiko ukawa mwepesi mkononi, na uji ukaanza kuteleza kama maji.

Simone hakupiga vigelegele. Alifumba macho tu.

"Mama, imeitika?" Henriette akaita kutoka ndani.

"Imeitika. Ukuje na ile kiti yako sasa."

Kiti kikaja, akajitupa juu yake. Ndaya bado kachutama, kaa lake limezimika zamani.

"Mama, na juu ya nini hii mizizi..."

"Uliza," Simone akasema, macho bado kayafumba. "Lakini polepole, mutoto. Mi mwenyewe nimeanza leo."