Baba wa Kuchorwa

Watu wa filamu walipoingia uani kwa Matilda Kalinga, huko Mafinga karibu na mashine za mbao, walimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, huku anamcheka kuku aliyeteleza kwenye maganda. Kiongozi wao, kijana wa Mbeya mjini aitwaye Anord, akawageukia wenzake akasema, "Ndiye huyu." Walikuwa wanatafuta mama. Filamu yao ilikuwa ya kuchekesha, ya kutazamwa na wazazi na watoto pamoja, na ndani yake watu wote walikuwa watu isipokuwa baba, ambaye alikuwa katuni.

"Mume wako tutamchora baadaye, kule Mbeya," Anord alimweleza. "Wewe utaongea na kiti kitupu. Ila uongee kana kwamba amekaa."

Matilda akakaa mezani. Akakiuliza kiti kama chai ina sukari ya kutosha, akakigombeza kwa kuingia ndani na viatu vya matope, akakicheka, akakisogezea chapati. Hawakurudia hata mara moja. Aliyeshika kamera alifuta macho.

"Mama, haya umejifunzia wapi?" Anord aliuliza.

"Hapa hapa nyumbani," Matilda alijibu, akaomba ruhusa akageuze maharage.

Mume wake wa kweli, Gerson, alikuwa dereva wa lori. Alipakia mbao Mafinga, akashusha Tunduma, na katikati alichelewa Igawa. Mwanzoni lori ndilo lililokuwa linaharibika pale. Baadaye aliacha kulisingizia lori, akawa anasema tu kwenye simu, "Nipo Igawa," kama mtu anavyosema yupo bafuni.

Filamu ilipokamilika ilioneshwa ukumbi wa usharika, Jumamosi mchana, mapazia yamefungwa. Baba wa katuni alikuwa na kichwa cha mviringo, masharubu mazito na shati la rangi ya chungwa, na alikwama kwenye kila mlango. Watu walicheka mpaka bibi mmoja akatolewa nje apate hewa. Taa zilipowashwa, baba yule hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama mbele ya kitambaa cheupe, kofia mkononi. Mchungaji Eliezeri akamwomba asaidie kurudisha mabenchi ukutani, naye akasaidia. Kisha akawafuata Matilda na watoto wake wawili, Eveline na Gwakisa, akitembea nyuma kidogo kama mtu asiyetaka kuonekana ana haraka ya kufika.

Jirani yao, Veneranda, alikuwa anaanua nguo.

"Kamwene, Mama Eveline. Mgeni wako hana mgongo."

"Hawakumchora mgongo. Kwenye filamu hageuki."

"Basi usimkalishe mlangoni. Upepo wa huku utamchukua."

Wakamweka sebuleni, kati ya kabati na ukuta, na hapo ndipo alipokuwa analala. Kula hakula. Maneno yake yalikuwa yale ya kwenye filamu, hakuongezewa mengine. Gwakisa alipomwonesha hesabu, alisema, "Hapo umepatia, mwanangu!" hata pale alipokosea, na alama za Gwakisa zikaporomoka ingawa aliipenda shule kuliko zamani. Eveline aliporudi kutoka mafundisho ya kipaimara, alimpokea kwa kusema, "Nilikuwa naanza kukutafuta!" Mara ya kwanza Eveline aliingia chumbani kimya, halafu akatoka mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaingia tena mbele ili aambiwe upya.

Matilda naye alimuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. "Kwa mkono wako hata chumvi ni sukari," alijibu baba wa katuni. Matilda alijua kwamba maneno yale yalitungwa na Anord. Hata hivyo aliacha kunywa chai yake amesimama jikoni, akawa anakuja kukaa mezani.

Filamu ilizidi kuzunguka, na habari zikaanza kufika. Kule Mbalizi baba huyo huyo alikuwa ameshuka kwa fundi cherehani ambaye mumewe alikwenda machimboni Chunya akanyamaza. Makambako alishuka kwa mama muuza ndizi. Pale Mafinga penyewe mwenyekiti wa mtaa aliuliza kama watu wa aina hii wanaingia kwenye zamu ya kuzibua mtaro. Akaambiwa maji yatawatoa rangi, akawasamehe.

Gerson alipita nyumbani siku moja jioni, lori limejaa. Alivua viatu, akamtazama mgeni kuanzia kofia mpaka soksi.

"Ndiye yule wa kwenye filamu?"

"Ndiye," Matilda alisema.

"Anakula?"

"Hali."

"Basi hana neno."

Watoto walimwamkia Gerson vizuri, wakamletea maji ya kunawa, wakamwuliza habari za safari, kisha wakarudi kukaa karibu na kabati. Matilda aliona jinsi mumewe alivyokuwa anakula, taratibu, na mabega yameshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimsubiri aseme chochote: amfukuze mgeni, agombe, angalau aulize huyu atakaa mpaka lini. Kesho yake Gerson akampiga yule baba begani, mkono ukatoa sauti ya karatasi, akamwambia, "Nakuachia nyumba." Akaondoka anapiga mluzi.

Tangu hapo simu zake zikawa fupi.

"Yupo?"

"Yupo."

"Haya."

Wiki ya kipaimara cha Eveline ilipokaribia, Matilda alimpigia mwenyewe. Alikuwa anaosha vyombo, simu ameiegemeza dirishani na sauti ameifungulia.

"Baba Eveline, mzazi anasimama nyuma ya mtoto wakati wa kuwekewa mikono. Wote wawili wanatakiwa."

"Nitakuwepo. Na huyo wa katuni si yupo pia?"

"Yupo. Na huko Igawa filamu imeshaoneshwa?"

"Ilioneshwa sokoni, watu wamecheka sana."

"Akashuka?"

"Akashuka. Yuko kwa mjane mmoja karibu na kituo cha mafuta, na kwa mwalimu mmoja."

"Na hapo ulipo?"

"Hapa hakushuka," Gerson alisema. "Hapa si nipo."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye sufuria. Upande wa pili wa simu mtoto mdogo alisema kitu kuhusu uji, na mwanamke akamnyamazisha. Gerson akasema mtandao unasumbua. Matilda akasema sawa. Alimaliza vyombo, akavifuta kimoja kimoja, akarudia kukifuta kikombe kilichokuwa kikavu. Kisha akatoa pasi, akamwita baba wa katuni alale mezani, akamnyoosha mikunjo ya shati kwa pasi isiyo ya moto sana.

Jumapili Gerson hakuwa ameonekana mpaka ibada inaanza. Mzee wa kanisa, Sifaeli, alimvuta mchungaji pembeni.

"Huyu wa Mama Eveline amebatizwa?"

"Amechorwa tu."

"Na anaruhusiwa kusimama?"

Mchungaji Eliezeri alifikiri. "Hapokei chochote, anasimama tu. Kusimama si sakramenti."

Kwa hiyo akasimama. Eveline alipopiga magoti, baba wa katuni aliweka kiganja chake bapa begani kwa msichana, na kwa kuwa kwenye filamu hapakuwa na maneno ya mahali kama pale, akanyamaza, jambo ambalo washarika walilisifu baadaye. Matilda alisimama upande wa pili. Alijisikia vizuri, na alijua sababu, na hakutaka kuijadili.

Gerson alifika wakati pilau linapakuliwa, amebeba saa ya mkononi kwenye kiboksi. Alipewa kiti kati ya wageni wa ukoo, akapewa soda, akapiga makofi palipopigwa makofi. Mpiga picha alipoita baba na mama waje mbele na mtoto, walisimama wawili, Gerson na yule wa katuni. Mpiga picha hakuona tatizo. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa misonobari, na mtu wa katuni alikuwa anapinda.

"Mzee," mpiga picha alimwambia Gerson, "wewe mshike huyu kwa nyuma asipeperuke. Shika vizuri. Chuchumaa kidogo, unaonekana."

Gerson akachuchumaa, akamshika kwa mikono miwili. Picha ikatoka nzuri.

Kabla keki haijakatwa akasema lazima awahi barabara. Matilda aliingia jikoni, akafunga pilau kwenye foili, na nyama juu yake. Akafunga fungu la pili, sawa na la kwanza. Akatafuta kikopo kidogo chenye mfuniko, akakijaza pilau nacho, akavipanga vyote kwenye mfuko, akampelekea kwenye lori.

Gerson alipokea, akaupima mfuko kwa mkono, akaangalia ndani.

"Kachumbari iko pembeni," Matilda alisema. "Ina pilipili. Mwambie asimpe mtoto."

"Nitamwambia," Gerson alisema, akawasha lori.