Benedikta ni Mtoto wa Nani

Gazeti lilipotoka na tangazo kwamba Benedikta anaomba uraia, na mwenye sababu ya kumpinga aandike, nusu ya kijiji chetu cha Nkololo ilihamia uani kwangu. Wengi hawakujua kama ni Mrundi.

"Mimi sababu ninayo," alisema shemeji Mayunga. "Ugali wake mlaini mno, unateleza kabla hujaukanda."

"Andika basi, tuone kesho utakula kwa nani!" Benedikta akamrushia, watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Zamani mama yake Benedikta alikuja kwetu kutoka Burundi kuchuma pamba, akiwa na huyu mtoto wa miaka tisa. Homa ikamchukua mama msimu uleule. Baba yangu, mzee Luhaga, akamlaza mtoto pamoja nami juu ya lundo la pamba lililojaa chumbani likisubiri mnunuzi. Jamani, godoro kama lile sijalipata tena! Asubuhi tulitoka na nywele nyeupe kama vikongwe, baba akicheka hadi anakohoa. Ndiye aliyemfundisha: watu wakikusalimia wakakuuliza "ng'wa nani", yaani mtoto wa nani, wewe jibu ng'wa Luhaga.

Juzi tukaenda Bariadi kwenye usaili, mimi mdhamini wake. Afisa, Msukuma mwenzetu, akatupokea vizuri, akamsalimia Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Ng'wa nani?"

"Ng'wa Luhaga," Benedikta akajibu bila kufikiri.

Afisa akainamia fomu. "Hapa umeandika baba yako ni Bigirindavyi, wa Ruyigi, Burundi. Kipi cha kweli? Maana nikikuta uongo, mama, ombi hili linaishia hapa."

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kiganja. "Ajibu mwenyewe."

Miaka miwili ya kuhangaikia makaratasi, yote sasa iko mdomoni mwa Benedikta.

"Bigirindavyi alinizaa," akasema kwa sauti ndogo. "Luhaga akanilea. Jina lile la kwanza sijalitamka tangu mama afariki. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Afisa akaandika, akaandika. "Faili litaendelea. Ila siku ya kiapo, jina hilo ulitamke tulisikie."

Nilitoka pale nimenywea. Mimi, ninayejua nani kaachika Zagayu na nani kaposwa Maswa! Miaka thelathini na ushee nakula naye sahani moja, jina la baba yake nalisikia ofisini.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikamuuliza njiani.

"Mrefu. Akicheka anaziba mdomo, eti meno makubwa. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, lakini alimsifu kama wako mia."

Akaendelea hivyohivyo mpaka tukafika nyumbani. Uani watu wamejaa, chai iko jikoni.

"Haya, wamekukubali au wamekukataa?" Mayunga akapiga kelele.

"Nyamaza, shemeji, vuta kigoda," nikamwambia. "Hajamaliza habari za baba yake."