Fundi Aliyeongeza Sauti

"Moja, mbili. Moja, mbili," Fundi Nurudini aliuhubiria uwanja wa shule pale Titye, kwa uzito wa shehe wa sala ya Idi. Waliogeuka ni mbuzi wawili.

"Inatosha, fundi, mpaka Burundi wamekusikia," alisema Shadia, ofisa ustawi wa jamii. Ndiye aliyemwita afunge spika za mkutano wa kumkumbuka Asnath.

Nurudini alicheka, kisha akaona aibu. Kibanda chake cha kutengeneza redio kilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Asnath. Na yeye, aliyeweza kumtambua waya mgonjwa kwa kumsikiliza tu akikwaruza, alijaliwa pia kipaji kikubwa cha kutosikia. Stanislaus alipoanza kumpiga mkewe Asnath, fundi aliishika redio yoyote iliyokuwa mezani akaifungulia hadi mwisho. "Naijaribu," aliwaambia wateja. Mwaka mzima alijaribu. Machi hii ya 2014, ukuta ukanyamaza.

Watu walikuwa wameanza kujaa alipofika Mama Niyitegeka, mzazi wa Asnath. Alikuwa mfupi, hivyo Nurudini akapiga goti kuishusha stendi ya maiki.

"Jumatatu kesi iko Kasulu," mama alisema. "Stanislaus anasema mke wake aliteleza. Majirani nao hawakusikia kitu."

"Mungu yupo, mama."

"Wewe sikulaumu, mwana wanje, mwanangu. Kila mtu namwambia: yule fundi, na zile redio zake, angesikiaje?"

Skrubu ikamponyoka. Msamaha ule ulikuwa umeshafuliwa na kupigwa pasi. Kazi yake ilikuwa kuuvaa tu.

"Nilisikia," alisema.

"Unasema?"

"Nilisikia, mama. Aliniita. Nikaongeza sauti."

*Sauti*, kilima cha ng'ambo kikajibu. Maiki, sasa ikiwa jirani na mdomo wake, ilikuwa wazi tangu alipoijaribu, na spika, kwa sifa zote za fundi wake, zilikuwa zinafanya kazi vizuri mno. Uwanja mzima uligeuka. Ndugu wa Stanislaus wakasimama.

"We mtu wa Ujiji, zima hiyo kitu!"

Hakuizima. Alibaki amepiga goti palepale.

"Alikuita vipi?" mama aliuliza taratibu.

"'Nurudini, kaka yangu.'"

Mama hakulia. Alimtazama kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya, neno kwa neno.

"Utayasema haya kwa hakimu?"

"Nitayasema."

"Gari la Kasulu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nitakaa mbele. Wewe utakaa nyuma."

"Nitakaa nyuma, mama."

Akamgeuzia mgongo, akaielekea maiki, akakohoa kusafisha koo. Upepo ukakiinua kitenge chake na kukipiga usoni mwa fundi, mara moja, mara ya pili, naye hakuinua mkono kukiondoa.