Utani wa Mashavu Mlangoni

Muhiddin alikuwa mwana wa Suhail, na Suhail mwana wa Mmanga, aliyesomesha Kurani mtaa wa Malindi hata mahasimu zake wakampelekea watoto wao. Suhail alikuwa karani wa mahakama, na hapana aliyewahi kumnong'ona kwa rushwa. Muhiddin mwenyewe alisomesha fasihi mpaka akastaafu, akahamia Mpendae. Jina la ukoo huo ndilo alilokuja kuomba ruhusa ya kulitumia mjukuu wake, Riyama, alipopata mchapishaji wa hadithi yake ya kwanza.

Ilikuwa hadithi ya mazishi ya Bi Zuleikha, mkewe Muhiddin. Bi Zuleikha alikuwa na asili ya bara, na watu wa bara wana watani, ambao hata msibani wana haki ya kumkejeli maiti. Basi jeneza lilipokuwa linatolewa, mtani wake, Mashavu, alijitanda kanga ya marehemu, akavaa na miwani yake, akauziba mlango, akafoka kama mwenyewe alivyozoea.

"Mwanitoa na vumbi lote hili? Nani kafagia hapa leo?"

Wanawake waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo Riyama alivyoandika.

Muhiddin alipafuta mahali hapo kwa kalamu nyekundu. Alimwambia kuwa fasihi ni adabu, na msiba haufanyiwi mzaha. Ama kitoke kicheko, ama litoke jina la ukoo.

"Babu, nikikitoa, na Bibi atatoka," alisema Riyama kwa sauti ya chini. Hakubisha zaidi. Akaenda kuandika upya.

Aliporudi, Muhiddin alisoma. Sentensi zilinyooka, machozi yalikuwa mahali pake, dua ilitimia. Akasoma tena, sasa akimtafuta mkewe, asimwone. Aliyezikwa mle angeweza kuwa mke wa mtu yeyote. Alipoinua macho aliliona vumbi la kizingitini, ambalo tangu msiba ule hapana aliyelikemea.

Siku ile ya mazishi yeye hakucheka. Aliona haya, kisha akageuka kama aliyeitwa na mkewe, maana sauti aliyoitoa Mashavu ilikuwa ya Zuleikha hasa.

"Kirudishe kicheko," alisema. "Na jina libaki."

"Kumbe kimekuchekesha, Babu?"

"Hakijanichekesha, wala hakitanichekesha. Sikiliza, wewe na wajukuu wenzako. Mtakapoisoma hadithi hii mbele za watu, nao wakacheka, msicheke nao. Nyamazeni mpaka na wao wanyamaze, wamkumbuke aliyekuwamo ndani ya jeneza."