Vidole vya Marehemu

Siku wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipofika bomani kusikiliza malalamiko ya wenyeji, mwaka wa hamsini na moja, Mwanamkuu aliketi mbele kabisa, kidole gumba amekificha ndani ya kanga. Wino ulikuwa haujatoka, ingawa alikisugua kwa jivu na ndimu siku tatu.

Barua ya malalamiko aliiandika Mwalimu Hilario wa shule ya misheni. Mzungu mmoja mlima katani alikuwa ameahidiwa na serikali shamba lao lote la Mbwawa, kwa maelezo kwamba ni pori tupu lisilo na mwenyewe. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mtu yeyote alikuwa na haki ya kuwaandikia wajumbe. Hilario akawaambia waanze kutia vidole wenye ardhi. Basi wakaanza wenye ardhi! Kwa desturi yao mrithi hurithi na jina, kwa hiyo Mwanamkuu alibonyeza gumba lake penye jina la Mwinyimadi, mjomba wake, aliyezikwa miaka kumi na mitatu nyuma. Wenzake sita wakafanya vivyo hivyo kwa marehemu wao. Mwalimu, mtu wa kuja, hakuuliza. Kusoma kwingi nako kuna upofu wake.

Sasa karani alisimama na daftari la kodi, amefurahi kama paka aliyekuta mlango wa jiko wazi.

"Waheshimiwa, barua hii ni ya uongo. Majina saba ya mwanzo ni ya marehemu. Mwinyimadi bin Salehe, amefariki mwaka wa thelathini na nane. Aliyetia kidole hapa ameghushi, na kosa hilo lina kifungo."

Mkalimani akatafsiri. Mjumbe mwenye mvi akaikunja barua. Hilario aliinamisha kichwa.

Mwanamkuu akinyamaza, barua inatupwa, shamba linakwenda, na kaburi la mjomba linapandwa katani. Akisema, analala ndani yeye. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha akasimama, akakitoa kidole.

"Ni mimi. Jina lake nimelirithi, na shamba lake nimelirithi. Kama ni kosa, nifungeni. Lakini nina swali kwa bwana karani."

"Huna swali hapa, bibi!"

Mjumbe akainua mkono, aachwe aulize.

"Mjomba alikuwa akilipa kodi ya nini?"

Karani, mpenda kusoma hadharani, akasoma bila kufikiri. "Kodi ya kibanda. Mbwawa. Mwaka wa ishirini na tatu mpaka thelathini na nane."

"Na wale sita?"

"Kodi ya kibanda, Mbwawa. Kodi ya kibanda, Mbwa..." Akalifunga daftari.

"Kumbe pori tupu lilikuwa na vibanda saba," alisema Mwanamkuu, "na serikali ikivitoza."

Mkalimani alichelewa kutafsiri, maana alikuwa akiuma mdomo asicheke. Mjumbe akaikunjua barua, akamnyooshea karani mkono. Alitaka daftari. Karani alilikumbatia kifuani, na mkono ule haukurudi mpaka alipolitoa. Ukurasa ukanakiliwa pale pale, ukaambatishwa na barua.

Wageni walipoondoka, askari wawili walikuja kumchukua Mwanamkuu kwa kosa la kidole. Hakubishana nao. Aliomba tu wapitie makaburini.

"Mjomba," alisema walipofika kaburini, "shamba liangalie wewe mpaka nirudi."