Kuombea Nywele

Asubuhi hiyo Mama Magugu alitia chumvi kwenye chai, akainywa, wala hakushtuka. Aliyeshtuka ni wifi yake.

"Wifi, umevaa sweta ndani nje. Leo kuna nini?"

"Naenda kuangalia kama watoto wameota nywele."

"Watoto gani tena? Unaye mmoja, na nywele zake zinamchosha msusi."

"Watoto wa Kipara."

Wifi alicheka mpaka akashika meza. Jina la Mama Magugu alilibandika yeye, siku alipojua kwamba kaka yake kaoa msomi anayelipwa kumwagilia magugu. Na kweli ni gugu: kamea kembamba, vijiua vyeupe kama punje za mchele, kanaota hata kwenye nyufa za sementi. Lakini linakua haraka, halidai nafasi, na watafiti wa urithi wanalijua kuliko wanavyowajua majirani zao.

Kipara, mche mmoja wa gugu hilo, ndiye aliyemnyima raha. Majani ya wenzake yana vinywele. Yake, hata unywele wa dawa. Tena alivumilia kiu ajabu, na Mama Magugu alitaka kujua ukaidi huo umekaa wapi katika urithi wake. Hatua ya kwanza ilikuwa kumwoza kwa mume mwenye nywele. Ndoa ikishika, watoto wote hutoka na nywele kama baba. Wakitoka vipara, basi bibi harusi kajioa mwenyewe. Ndiyo maana mama wa watu, aliyempenda Kipara kuliko sofa lake, alikuwa anaomba watoto wasifanane na mama yao.

Gugu hili hujichavusha likiwa bado tumba. Lazima ulifungue mapema chini ya lenzi, ung'oe sehemu za kiume kwa kibanio, ndipo ulipake chavua ya mgeni. Weupe ukishachungulia, umechelewa. Siku ya kumwoza Kipara mwanawe alishikwa na homa, Mama Magugu akafika maabara jua limepinda, na matumba yote yalikuwa yanachungulia. Akachagua moja, akajiambia, "Hili bado." Macho yalikataa, mkono ukaendelea.

Leo Bi Mkasi, mkuu wa maabara, alikuwa anagawa upya rafu za chumba cha taa, miche inakooteshwa. Asiye na watoto wa ndoa, rafu yake inakwenda kwa watafiti wa mpunga.

Mama Magugu aliinamia lenzi juu ya trei ya miche iliyotokana na tumba lile. Mche wa kwanza, kipara. Wa pili, kipara. Akainuka, akazunguka meza, akarudi. Kipara. Kisha pembeni ya trei, jani dogo limesimamisha vinywele kama paka aliyeona mbwa. Na jirani yake vilevile!

Furaha haikumaliza hata pumzi moja. Kibanio kilikuwa mkononi. Kung'oa vile vipara ni kazi ya kufumba na kufumbua, na trei ingeonekana safi kabisa. Akashika kimoja shingoni. Akakiachia. Akakishika tena.

"Unawapapasa au unawasuka?" Bi Mkasi alikuwa mlangoni.

Kibanio kikaanguka sakafuni. "Shikamoo, Bi Mkuu."

"Marahaba. Sogea nione." Akainama, akakagua jani kwa jani. "Wenye nywele wapo. Na hawa vipara?"

Uongo ulikuja ulimini umeshachana nywele. Akaumeza. "Ni wa mama peke yake. Tumba lilishachungulia. Niliona, nikalazimisha."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ungewang'oa ningejua, matundu yangebaki kwenye udongo." Bi Mkasi akainuka, akishika kiuno. "Hao wenye nywele ni wa ndoa, nakubali. Ila kwa kulazimisha, nusu ya rafu inakwenda kwa mpunga."

"Nusu, Bi Mkuu? Si robo?"

"Usinipandishe presha."

Watu wa mpunga walishaanza kugonga mlango na ndoo zao. Mama Magugu akazibana trei zake ukutani, akawatenga wale wenye nywele mbele karibu na taa, akakaa. Hakukalika. Akainuka kuwachungulia tena, maana sasa ilibidi wazae: ukaidi wa kiu ungesakwa kwa wajukuu wa Kipara.